Dale Carnegie: Muuza kozi aliyelia hotelini, kisha akawafundisha wengine kuuza

BUGOLOBI, Kampala – Siku za kazi asubuhi, vijana wenye mikoba begani hushuka kwenye teksi katika barabara ya Port Bell na kuanza kupita ofisi moja baada ya nyingine. Kadi zao zinawataja kuwa maofisa wa maendeleo ya biashara. Kwa lugha nyepesi, wanauza mafunzo: kozi ya taratibu za forodha, kozi ya huduma kwa wateja, kozi ya kodi ya ongezeko la thamani, kozi ya madereva wa masafa marefu.

Wanajua kwa nini wamekuja hapo. Bugolobi imepakana na eneo la viwanda na maghala. Jirani yake ni Nakawa, chenye chuo cha biashara cha MUBS kilichoundwa mwaka 1997, na kituo cha MTAC ambacho kimekuwa kikitoa mafunzo ya uongozi wa biashara tangu miaka ya 1960. Barabara yenyewe inateremka hadi bandari ya Port Bell, inayoiunganisha Kampala na Mwanza na Kisumu kwa njia ya ziwa. Kwa hiyo wanunuzi wa mafunzo wako hapo, na wauzaji pia wako hapo.

Kazi hiyo ni ngumu. Wenye malori husikiliza kwa adabu, huchukua karatasi ya maelezo na kusema watapiga simu. Wengi hawapigi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kazi hiyo hiyo ilikuwa ajira ya kwanza ya Dale Carnegie, Mmarekani ambaye vitabu vyake vinauzwa hadi leo kando ya barabara za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Carnegie alifariki mwaka 1955 akiwa mwalimu wa biashara mwenye jina kubwa kuliko wengi wa zama zake. Lakini alipotumwa kuuza kozi akiwa kijana wa miaka 20, alishindwa vibaya. Namna alivyoshindwa, na namna alivyokuja kufaulu kwa bidhaa ya aina ile ile, ni habari inayomhusu yeyote anayeuza au kununua mafunzo.

MTOTO WA MKULIMA MWENYE MADENI

Carnegie alizaliwa tarehe 24 Novemba 1888 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Maryville, jimbo la Missouri. Wakati huo jina la ukoo wao liliandikwa Carnagey.

Baba yake, James, alikuwa mchapakazi, lakini shamba halikumlipa. Mto uliopita karibu, unaoitwa 102, ulifurika mara kwa mara na kufagia mahindi na majani ya mifugo. Nguruwe nao waliugua na kufa. Mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri, bei sokoni ilikuwa mbaya. Madeni yakaongezeka, na benki ikatishia kulichukua shamba.

Siku moja, akirudi kutoka benki, mzee huyo alisimamisha farasi wake darajani, akashuka na kusimama kwa muda mrefu akiyatazama maji, akijiuliza kama kuna sababu ya kuendelea kuishi. Hatimaye alirudi nyumbani. Mwanawe alikuja kuisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye. Mfanyabiashara aliyewahi kudaiwa na benki hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1904 familia ilihamia karibu na Warrensburg, kwenye chuo cha ualimu cha serikali ambacho hakikutoza ada. Hata hivyo, fedha za kupanga chumba mjini hazikuwapo. Carnegie alikuwa miongoni mwa wanafunzi wachache sana waliolazimika kuishi nyumbani, akienda chuoni kwa farasi na kurudi jioni kukamua ng'ombe. Aliona aibu kwa sababu ya nguo zake.

Aligundua kwamba pale chuoni wanafunzi walioheshimiwa walikuwa wa aina mbili: wanamichezo na washindi wa mashindano ya kuzungumza. Mwili wake haukuwa wa michezo, hivyo akachagua kuzungumza. Alishindwa shindano moja baada ya jingine, akawa anafanya mazoezi peke yake juu ya farasi na wakati wa kukamua. Alipoanza kushinda, wenzake walimwomba awafundishe, nao wakashinda. Huo ulikuwa mtaji wake wa kwanza, ingawa wakati ule hakuutambua kuwa ni mtaji.

KOZI ZA POSTA HUKO NEBRASKA

Mwaka 1908 aliondoka chuoni na kupata kazi katika International Correspondence Schools, kampuni ya Scranton, Pennsylvania, iliyofundisha kwa njia ya posta. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1891 kutokana na masomo yaliyolengwa kwa wachimba makaa ya mawe, waliohitaji kufaulu mitihani ya usalama ili wapandishwe vyeo. Baadaye ilipanuka na kufundisha fani nyingi za ufundi na biashara. Mawakala wake walitawanyika nchi nzima kutafuta wanafunzi.

Carnegie alipangiwa nchi ya vilima vya mchanga magharibi mwa Nebraska na mashariki mwa Wyoming. Wateja wake walikuwa wafugaji.

Kwa mtazamo wa biashara, hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mchimba makaa aliyenunua kozi alijua cheo gani kinamsubiri akifaulu. Mfugaji wa Nebraska hakuwa na mwajiri wa kumpandisha cheo. Nyumba zao zilikuwa mbalimbali, hivyo mwuzaji aliweza kumaliza siku nzima akiwa amewaona watu wachache tu. Na bidhaa yenyewe ilikuwa ahadi: lipa leo, vitabu vitakuja kwa posta, faida utaiona ukimaliza.

Carnegie alikuwa na bidii na ulimi, lakini havikutosha. Siku moja mchana, katika mji wa Alliance, alipanda chumbani kwake hotelini, akajitupa kitandani na kulia. Alitamani kurudi chuoni, alitamani kukimbia. Akaamua kuiacha kazi hiyo na kwenda Omaha kutafuta nyingine.

Nauli ya treni hakuwa nayo. Alisafiri kwa treni ya mizigo, na malipo yake yakawa kuwalisha na kuwanywesha maji farasi wa porini waliojaa mabehewa mawili. Ndivyo muuza kozi huyo alivyoingia Omaha.

NYAMA, SABUNI NA VIATU VYA DENI

Omaha Kusini ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya Marekani vya kuchinja na kusindika nyama. Carnegie aliajiriwa na kampuni ya Armour kuuza nyama ya nguruwe, sabuni na mafuta ya kupikia ya nguruwe. Eneo lake la mauzo lilikuwa upande wa magharibi wa South Dakota, nchi ya makorongo, wafugaji na Wahindi Wekundu.

Msafirishaji wa leo ataitambua kazi hiyo. Alisafiri kwa treni za mizigo, magari ya farasi na wakati mwingine juu ya farasi, akilala katika nyumba za wageni ambazo chumba kilitengwa na kingine kwa shuka tu. Treni iliposimama kushusha mizigo, alikimbia mjini, akawaona wenye maduka watatu au wanne, akaandika oda zao. Honi ilipolia, alirudi mbio na kuirukia treni ikiwa imeshaanza kuondoka.

Alijifunza pia kukusanya madeni. Mwenye duka asipokuwa na fedha taslimu za kulipia nyama, Carnegie alichukua jozi 12 za viatu kutoka kwenye rafu zake, akawauzia wafanyakazi wa reli na kutuma fedha hizo kwa kampuni. Mwenye duka alilipa kwa alichokuwa nacho, na kampuni ilipata chake.

Katika muda wa miaka miwili, eneo ambalo lilikuwa la 25 kati ya njia 29 za mauzo zilizotoka Omaha Kusini likawa la kwanza. Armour walitaka kumpandisha cheo. Yeye alikataa, akachukua akiba yake na mwaka 1911 akaenda New York kusomea uigizaji.

Tofauti kati ya Nebraska na South Dakota haikuwa ya kipaji, kwa kuwa kijana alikuwa yule yule. Nyama na sabuni ni bidhaa ambazo mwenye duka huziona, huzipima na anajua nani atazinunua kwake. Kozi ya posta haikuwa na sifa hizo.

LORI ASILOLIJUA

Uigizaji haukumfikisha mbali. Baada ya kuzunguka na tamthilia moja miji mbalimbali, aliona hana nafasi katika fani hiyo, akarudi kwenye mauzo. Safari hii aliuza malori ya kampuni ya Packard mjini New York.

Hakujua kinachofanya lori litembee, na kwa maelezo yake mwenyewe hakutaka kujua. Aliishi katika chumba cha bei nafuu mtaa wa 56 Magharibi, chumba chenye mende wengi kiasi kwamba alipoitoa tai ukutani asubuhi walitawanyika huku na huko. Kila jioni alirudi na maumivu ya kichwa. Alidharau kazi, alidharau chumba, alidharau chakula cha migahawa ya karibu.

Akakata shauri kuacha malori na kujaribu kufundisha watu wazima jioni, ili mchana apate nafasi ya kuandika. Alipojiuliza ana nini cha kufundisha, aliona kwamba katika yote aliyosoma chuoni, kilichomsaidia zaidi katika biashara ni kule kujifunza kusimama na kuzungumza mbele ya watu.

Aliomba kazi hiyo katika vyuo vikuu viwili vya New York, cha Columbia na kile cha New York. Vyote viliona vinaweza kuendelea bila yeye.

MKATABA WA ASILIMIA 80

Mwaka 1912 alikwenda kwa jumuiya ya vijana wa Kikristo, YMCA, mtaa wa 125. Aliomba alipwe dola 2 kwa kila usiku wa kufundisha. Meneja alikataa, kwa kuwa kozi za namna hiyo zilikuwa hazijawahi kuvutia watu. Wakakubaliana jambo jingine: Carnegie afundishe bila mshahara, na kama kutakuwa na faida achukue asilimia 80.

Meneja alidhani amejikinga na hasara, na kweli alikuwa amejikinga. Lakini mkataba huo ulifanya kazi nyingine ambayo huenda hakuna kati yao aliyeitarajia.

Kwa lugha ya uchumi, kozi ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuikagua kabla ya kulipa. Gunia la kahawa hufunguliwa na kupimwa unyevu. Lori huwashwa injini na kuendeshwa. Kozi haina sampuli. Mnunuzi huijua baada ya kulipa na kupoteza muda wake. Ndiyo maana wengi husema watapiga simu.

Wanafunzi wa YMCA walikuwa wauzaji na wafanyabiashara waliochoka baada ya kazi. Hawakufuata cheti wala heshima ya chuo. Walitaka kuweza kusimama kwenye mkutano bila kutetemeka, au kumwona mteja mgumu bila kuzunguka mtaa mara tatu wakitafuta ujasiri. Walilipa kwa awamu. Asiyeona faida aliacha kulipa, na kila aliyeacha alipunguza mkate wa mwalimu.

Kwa hiyo hatari yote ilikuwa imehamia kwa muuzaji. Carnegie alilazimika kutoa matokeo ya kuonekana kila kipindi, la sivyo alale njaa.

Usiku wa kwanza nusura aharibikiwe. Aliyoyaandaa yaliisha kabla ya muda. Akamwita mmoja wa waliokaa nyuma aje mbele azungumze kidogo kuhusu maisha yake, kisha mwingine, kisha mwingine. Akaona kwamba watu wakizungumzia jambo wanalolijua au lililowaudhi, woga hupungua. Tangu siku hiyo alipunguza mihadhara, na kila mwanafunzi akawa lazima azungumze katika kila kipindi. Mwanafunzi alitoka usiku wa kwanza akiwa amefanya kile alichokilipia.

Ndani ya miaka mitatu YMCA ilikuwa ikimlipa dola 30 kwa usiku kwa mpango ule ule wa kamisheni, badala ya zile dola 2 alizonyimwa. Kozi ikaenea katika YMCA za Philadelphia, Baltimore na Wilmington. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha kuzungumza mbele ya watu akishirikiana na mwandishi mwingine, na waliokichapisha ni shule ya masomo kwa njia ya posta. Kijana aliyeshindwa kuuza kozi za posta sasa alikuwa mwandishi wake.

KUTOKA DARASANI HADI KITABU

Njia haikunyooka hata baada ya hapo. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka jeshini katika kambi ya Upton, New York. Baada ya vita alikuwa meneja wa maonyesho ya mwanahabari Lowell Thomas. Alikaa Ulaya akiandika riwaya ambayo wachapishaji waliikataa. Ndoa yake ya kwanza, aliyoifunga mwaka 1921, ilivunjika mwaka 1931. Kila mara alirudi kwenye darasa la jioni.

Katika miaka hiyo alibadilisha pia tahajia ya jina lake kutoka Carnagey kuwa Carnegie. Liliwiana na la Andrew Carnegie, tajiri wa chuma ambaye hawakuwa ndugu. Wapo waliomlaumu kwa kujitafutia sifa kwa jina la mwingine. Kwa vyovyote, kibiashara halikumdhuru.

Kampuni kubwa zilianza kununua kozi kwa ajili ya wafanyakazi wao, zikiwemo Westinghouse na kampuni ya simu ya New York. Wanafunzi walipodai pia mafunzo ya kuelewana na watu, alitafuta kitabu cha kutumia na hakukipata. Akaandaa maelezo mafupi, akayajaribu darasani na kuyaongeza mwaka hadi mwaka kutokana na yale wanafunzi walioyafanya kazini na kuja kuyaeleza.

Mwaka 1934 Leon Shimkin wa kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster alisoma kozi hiyo na kumshawishi aigeuze kitabu. Kikatoka mwaka 1936 kwa jina la How to Win Friends and Influence People. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 5,000 tu. Hadi Carnegie anafariki, kilikuwa kimeuza nakala milioni 5 kwa lugha 31, na watu 450,000 walikuwa wamehitimu kozi zake.

Katika miaka ya 1940 alianza kutoa leseni kwa mawakala wa miji mingine kuendesha kozi hiyo. Alioa tena mwaka 1944. Mkewe Dorothy alikuwa na akili ya biashara, na ndiye aliyeiongoza kampuni baada yake. Binti yao, Donna, alizaliwa mwaka 1951. Carnegie alifariki tarehe 1 Novemba 1955 nyumbani kwake New York, akazikwa Belton, Missouri, jimbo alilozaliwa.

LAWAMA NA MASHAKA

Hakukosa wapinzani. Mwandishi Sinclair Lewis alimkejeli kwamba anawafundisha watu kutabasamu ili wachukue fedha za wenzao. Wengine waliona mifano yake ni rahisi mno, na kwamba maneno matamu hayalipi deni wala hayashushi bei ya mafuta.

Lawama hizo zina uzito. Mwenye lori aliyekwama mpakani kwa sababu ya hati yenye makosa anahitaji hati sahihi kabla ya tabasamu. Carnegie naye alisisitiza kwamba sifa za uongo hazifanyi kazi, ila si wote waliomsoma walifika kwenye ukurasa huo.

Upo pia ushahidi wa upande wa mnunuzi. Warren Buffett, aliyekuja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa duniani, alikuwa kijana mwenye woga wa kuzungumza mbele ya watu. Akiwa New York alijiandikisha katika kozi ya Carnegie na kuandika hundi, kisha akaingiwa na hofu na kuisimamisha benki isilipwe. Baadaye, akiwa na miaka 21, alijiandikisha tena, na safari hii alilipa dola 100 taslimu ili asipate njia ya kurudi nyuma. Cheti cha kozi hiyo ndicho alichokitundika ofisini kwake, na si shahada zake za chuo kikuu. Mji aliolipia ni Omaha, ule ule ambao Carnegie aliuingia na mabehewa ya farasi.

HESABU YA BUGOLOBI

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, mafunzo yamekuwa gharama isiyokwepeka. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam, na wakala asiyejua mfumo huchelewesha malori ya watu wengine. Kwa mawakala kipo cheti cha EACFFPC, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala. Mbali na hicho, kozi nyingine nyingi zinauzwa mlango kwa mlango, na mnunuzi ameachwa achague mwenyewe.

Maisha ya Carnegie yanampa mnunuzi huyo maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Je, muuzaji anakubali kulipwa kwa awamu, kadiri vipindi vinavyotolewa? Je, siku ya kwanza karani atajaza fomu halisi, au atasikiliza hotuba? Je, makosa ya hati yasipopungua baada ya mafunzo, nani anabeba hasara?

Kwa muuzaji, hesabu ni hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Asiyejiamini na bidhaa yake atadai fedha zote mwanzoni, na atasikia ahadi nyingi za kupigiwa simu. Anayejiamini anaweza kumfundisha karani mmoja wa kampuni ya malori, alipwe sehemu, na kusubiri mzigo unaofuata upite Malaba au Mutukula bila kurudishwa. Carnegie alipoomba dola 2 za uhakika alinyimwa. Alipokubali kulipwa kutokana na faida, akapata darasa.